Uliza Mwalimu: Nani ananilazimisha kuvuta pumzi?

Wapenzi wasomaji, na hasa nyie watoto mnaoniandikia kwa peni za rangi rangi, mwezi huu barua karibu zote ni za kifua na pumzi. Nadhani ni hizi mvua, kila nyumba kuna anayekohoa. Basi nimeamua safu yote iwe ya kupumua. Wakubwa wasomeeni wadogo, na mkifika penye jambo gumu simameni mwelezane, msikimbilie mwisho.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 11 nakaa Chumbageni. Jumapili tukienda Raskazone kuogelea tunashindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Rafiki yangu anahema haraka haraka mara nyingi kabla hajazama na ndo anashinda siku zote. Mie nikibana pumzi nafika sekunde 40 kifua kinawaka nashindwa kabisa, ni kama kuna mtu ananilazimisha nivute. Ni nani huyo? Na je nifanye kama rafiki yangu?*

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako la kwanza nimelipenda sana, la pili limenitia hofu, kwa hiyo naanza na hilo la pili. Usifanye. Usifanye kabisa, na huyo rafiki yako mwambie leo leo, usingoje Jumapili.

Sasa sikiliza sababu. Mwili wako unaunguza chakula, wali na maharage uliyokula mchana yanaunguzwa taratibu ndani kwa ndani ili upate nguvu na joto, na kama vile mkaa hauwaki bila hewa, chakula nacho hakiungui bila oksijeni. Kikishaungua kinabaki maji kidogo na hewa nyingine inaitwa kabonidayoksaidi. Hii mwili hauitaki ijae, damu inaibeba mpaka kwenye mapafu wewe unaitoa nje kila ukishusha pumzi. Ukibana pumzi inakosa pa kutokea, inajaa kwenye damu, na damu inapata ukali kidogo, kidogo sana, ulimi wako usingeweza kuuonja. Lakini yupo anayeuonja. Pale kisogo kinapokutana na shingo, ndani kabisa, kuna sehemu ya ubongo inayoionja damu yako mchana na usiku, hata ukilala, na ikiona ukali umezidi inapiga kengele. Kwanza unasikia kifua kinabana, halafu kinawaka, halafu misuli ya kifua inaanza kurukaruka yenyewe. Huyo ndo anayekulazimisha. Ni wewe mwenyewe, ila ni sehemu yako isiyopokea amri kwa muda mrefu, unaweza kuiomba isubiri kidogo tu.

Na hapa ndo nataka usome polepole, maana hata watu wazima wengi hawajui. Kengele hiyo haipigwi hasa na oksijeni kupungua, inapigwa na kabonidayoksaidi kuzidi. Rafiki yako akihema haraka haraka anadhani anajaza oksijeni kama mtu anayejaza dumu, kumbe dumu lilishajaa zamani, damu ya mtu mwenye afya inapotoka kwenye mapafu imebeba asilimia 95 mpaka 100 ya oksijeni inayoweza kubeba, hakuna pa kuongeza. Anachofanya ni kuifukuza kabonidayoksaidi, yaani ameinyamazisha kengele. Anazama, oksijeni inaisha, kengele kimya, kifua hakiwaki, yeye anaona leo amekuwa hodari, halafu ghafla anazimia. Hapigi kelele, harushi mkono, walioko juu wanahesabu sekunde wanashangilia. Na mtu akishazimia ule ubongo wa nyuma unaendelea na kazi yake, unamvutisha pumzi, na chini ya maji kinachovutwa ni maji.

Nilikuwa na miaka kama yako binamu yangu alipofanya hivyo hivyo. Tulikuwa tunahesabu kwa sauti, tumefika 90, tumefika 100, tunapiga makofi. Mzee mmoja alikuwa anapita na ngalawa yake, yeye hakuwa anahesabu, alikuwa anaangalia, akatupa kasia akaingia majini na nguo zake akamtoa. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Alitapika maji akalia, tukalia wote. Alipona, lakini mie mpaka leo nikiona watoto wanahema pale ufukweni kabla ya kuzama nawaendea hata kama siwajui. Mkitaka kushindana kubana pumzi kaeni chini nchi kavu, bila kuhema kwanza, na kifua kikianza kuwaka achia. Sekunde 40 za kwako ni nyingi, huna la kuona aibu.

*Mwalimu habari za kazi. Mwanangu wa darasa la tatu ameniuliza hewa inaingiaje ndani. Nikamwambia mapafu ni kama tairi la baiskeli, likipigwa pampu linajaa. Akaniuliza, sasa mama anayepiga pampu nani? Nikakosa jibu. Mama, Pongwe.*

Dada yangu, mwanao amekamata penyewe. Tanga yetu hii baiskeli kila kona, kila mtoto ameshasimama kwa fundi akaona tairi linavyojaa, ndo maana wengi tunafikiri na mapafu ni hivyo hivyo. Sivyo. Tairi linasukumiwa hewa kutoka nje. Mapafu hayasukumiwi na mtu na yenyewe hayana msuli wa kujitanua, ukiyaweka mezani yatakaa hapo hapo mpaka kesho.

Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano jipya, la mililita 20, bila sindano. Mpe mtoto avute ile fimbo nyuma. Hewa imeingia ndani, umeipuliza? Hukuipuliza. Umepanua nafasi tu, na hewa ya nje haipendi kuona nafasi tupu, inaingia yenyewe, maana hewa hii tuliyomo inatukandamiza kutoka kila upande ila tumeizoea hatuisikii. Halafu mwambie azibe tundu kwa kidole avute tena, atasikia ngozi ya kidole inavutwa. Hapo ameshajua kupumua kunavyokwenda, yaliyobaki ni majina.

Bomba ni kifua. Kuta zake ni mbavu, jozi 12, na misuli iliyo kati ya ubavu na ubavu. Ile fimbo ya kuvuta ni msuli mpana mwembamba uliotandazwa chini ya mapafu, pale kifua kinapopakana na tumbo, wakati umepumzika umeinuka katikati kama kuba la msikiti. Unaitwa kiwambo, wengine wanasema diaframu. Mie napenda kiwambo kwa sababu anayejua kuwamba ngoma anaelewa mara moja, ni kitu kilichotandazwa kikashikwa pembeni kote. Kiwambo kikijikaza kuba linashuka, mbavu zinapanda na kutanuka, nafasi imeongezeka, hewa inaingia kupitia pua. Kikilegea kuba linapanda, mbavu zinashuka, hewa inatoka. Kushusha pumzi ukiwa umetulia hakuna kazi yoyote, ni kulegea tu, kama mpira wa manati ulioachiwa.

Mtoto akitaka kuona kiwambo chake, alale chali kwenye mkeka umwekee ndala tumboni. Akivuta pumzi ndala inapanda. Watoto wanadhani hewa imeingia tumboni, sio, kiwambo kimeshuka kikasukuma matumbo na matumbo hayana pa kwenda isipokuwa mbele. (Na kwikwi ni kiwambo hicho hicho kikishtuka bila mpango, hewa inaingia kwa nguvu halafu mlango wa koo unafunga ghafla, ndo ule mlio. Kuna mtoto wa Makorora ameuliza, jibu lako ni hilo mwanangu.)

Ukipata nafasi nenda buchani uombe mapupu ya mbuzi yakiwa na koo lake. Kwetu tulikuwa tunasubiri Idi, baba akishachinja anayatundika kwenye tawi la mwembe, na mwaka mmoja kaka yangu akaja na pampu ya baiskeli akachomeka mpira kwenye koo akapiga. Sitasahau. Yale mapupu yalikuwa yamenywea rangi ya kahawia, mara yakaanza kuinuka, kipande baada ya kipande, yakageuka waridi mpauko, yakang'aa, yakawa makubwa kuliko tulivyodhani yanaweza kuwa, alipoachia yakanywea taratibu na sauti kama ya mtu anayeguna usingizini. Mama akakata kipande akakitia kwenye beseni la maji kikaelea, akatia kipande cha ini kikazama. Hiyo peke yake inakwambia ndani ya pafu kuna nini, ni hewa kila mahali, na haitoki yote hata mnyama akishakufa.

Shika koo ukiwa na yale ya mbuzi mkononi, utasikia pete pete ngumu. Na wewe unazo, papasa chini ya koromeo lako taratibu, zipo kama 16 mpaka 20, kazi yake ni kuhakikisha bomba la hewa halijibani hata ukiinamisha shingo. Pete hizo hazijakamilika, nyuma ziko wazi kwa sababu nyuma yake kuna umio, njia ya chakula, na tonge likipita linahitaji nafasi ya kutanuka. Chini bomba linagawanyika mawili, moja pafu la kulia moja la kushoto. La kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili na ni dogo kidogo, limempisha moyo. Kisha kila bomba linagawanyika, na yale yanagawanyika, mara karibu 23, chukua mwembe uupindue mizizi juu matawi chini ndo utapata picha, na kwenye ncha badala ya majani kuna vifuko vya hewa. Vifuko hivyo kwa mtu mzima vinapita milioni 300. Kimoja ni kidogo kuliko punje ya chumvi laini, lakini ukivipasua vyote ukavitandaza vinafunika kama mita za mraba 70, yaani sebule ya mita 7 kwa 10, yote imekunjwa ikaingia kwenye kifua chako.

Kwanini ikunjwe hivyo? Kwa sababu kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba, nyavu tupu, na ukuta kati ya hewa na damu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya daftari ni nene zaidi ya mara mia ukilinganisha. Oksijeni inapenya ukuta huo inaingia kwenye damu, kabonidayoksaidi inapenya inaingia kwenye hewa, zinapishana kama watu mlangoni, na damu inakaa hapo chini ya sekunde moja tu ishaondoka kurudi kwenye moyo. Hewa tunayovuta asilimia 21 ni oksijeni, tunayotoa bado ina asilimia 16 hivi. Yaani hatuitumii yote, ndo maana mtu akipulizia pumzi yake mdomoni mwa aliyezama anaweza kumwokoa, ile pumzi iliyokwisha kutumika bado ina uhai ndani yake.

Mtu mzima aliyetulia anavuta kama nusu lita kila pumzi, ile chupa ndogo ya maji ya kunywa. Akivuta mara 15 kwa dakika, kwa siku nzima zinafika pumzi 21,600 na lita 10,800, ni mapipa 54 yale ya lita 200. Mwanao anavuta kidogo kidogo ila mara nyingi zaidi. Mwambie ahesabu za kwake na za kwako mkiwa mmekaa kimya, halafu aruke kamba dakika mbili ahesabu tena, aandike kwenye daftari. Na hongera, mtoto anayemuuliza mama yake anayepiga pampu nani ana mama anayekubali kuulizwa.

*Kwanini Mungu ameweka makamasi? Miaka 7, Ngamiani.*

Kukulinda mwanangu. Hewa ya barabarani ina vumbi, moshi, vijidudu. Vinywele vya puani vinakamata takataka kubwa, makamasi yanakamata ndogo zinanasa kama inzi kwenye asali, na pua inaipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika kwenye vile vifuko vyembamba. Hata ndani ya mabomba ya hewa kuna ute kama makamasi, na chini yake vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyopiga makasia kwa pamoja kuupandisha ute juu kooni, unaumeza bila kujua. Moshi wa sigara unavilemaza hivyo vinyweleo, ndo maana mvutaji anakohoa asubuhi, hana wa kumpigia makasia. Pumua kwa pua, sio mdomo wazi. Na piga chafya kwenye kiwiko.

*Shikamoo Mwalimu, nikipaliwa na maji bibi anasema kuna mtu ananisema. Je ni kweli? Na maji huwa yamekwenda wapi? Darasa la 4, Muheza.*

Marahaba. Bibi anakutania kwa mapenzi na mie nilikuzwa na utani huo huo, mpe salamu zangu. Kilichotokea ni kwamba kooni njia ni moja halafu inakuwa mbili, ya mbele ya hewa, ya nyuma ya chakula. Juu ya njia ya hewa kuna kifuniko kidogo chenye umbo la jani. Ukimeza, koromeo linapanda juu (weka kidole umeze mate, umelisikia?) kifuniko kinalala kinaziba, chakula kinapita nyuma. Ukimeza huku unacheka au unasimulia, mlango wa hewa unahitajika ufunguke kwa ajili ya sauti na ufungwe kwa ajili ya chakula kwa wakati mmoja, tone linaponyoka linaingia njia ya hewa, na mwili unalitoa kwa kikohozi cha nguvu mpaka machozi. Hicho kikohozi ni dawa, mtu akipaliwa anakohoa mwache akohoe, usimpe maji wala usimvute kichwa kuangalia juu.

Wakubwa sasa naomba masikio. Kama mtoto hawezi kukohoa, sauti haitoki, anashika shingo tu, hapo kitu kimeziba. Mwinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5 kwa nguvu, ikishindikana simama nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu uvute ndani na juu mara 5, rudia kwa zamu, mwingine atafute gari. Mtoto wa chini ya mwaka tumbo lake usiliminye, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini umpige mgongoni mara 5, ikishindikana mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Na karanga nzima nzima, kokwa za ubuyu, sarafu, betri ndogo za saa, watoto wadogo wasiachiwe. Najua karanga kwetu ndo vitafunwa vya kila jioni barazani, wasagieni.

*Mwalimu, samaki akiwa nje kuna hewa tele sasa kwanini anakufa? Miaka 10, Mwanzange.*

Siku mama akienda soko la samaki Deep Sea ongozana naye. Utaona kabla hajanunua anafunua shavu la samaki anaangalia matamvua kama ni mekundu. Yale ni kama mapafu ya samaki, mekundu kwa sababu ya damu iliyojaa ndani yake, yamepangwa karatasi karatasi kama kitabu. Kwenye maji karatasi zinaelea zimeachana, maji yanapita katikati, damu inachukua oksijeni. Samaki anajua kuitafuta kidogo kidogo, maana lita moja ya hewa ina oksijeni kama mililita 210 na lita moja ya maji ya bahari yetu haifiki hata 6. Ukimtoa nje zile karatasi zinagandana kama kitabu kilicholowa. Oksijeni imemzunguka tele lakini pa kuipokelea pamefungwa.

Pomboo unaowaona wakiruka wao sio samaki, wana mapafu kama sisi, lazima wapande juu kupumua na tundu lao liko utosini. Na kuna kitu chetu hapa nataka ukijue. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumpata kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpaka mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, ndani ya tumbo lake ana pafu. Dogo, halifanyi kazi tena, anapumua kwa matamvua kule chini kwenye giza, ila pafu lipo, limebaki kutoka kwa mababu zake wa zamani sana. Mie nilipojua hilo nilikaa kimya muda mrefu.

*Salaam Mwalimu. Huku kwetu Lushoto baridi kali, usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani watoto wanalala na joto. Moto ukiwa umeshika hauna moshi. Mke wangu anasema ni hatari, mie naona moshi haupo hatari iko wapi? Baba, Lushoto.*

Mkeo yuko sahihi ndugu yangu, jiko litoke leo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kwenye damu oksijeni inabebwa na kitu kinaitwa hemoglobini, fikiria daladala na viti vyake. Hii hewa inakamata viti hivyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni na haishuki upesi. Gari limejaa, oksijeni imebaki kituoni. Na kumbuka nilichomwambia mtoto wa Chumbageni, kengele ya mwili inapigwa na kabonidayoksaidi, hii nyingine haiipigi kengele. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasikia uchovu, anasema ngoja nilale, haamki. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Watoto walale pamoja wajifunike blanketi mbili, muwavalishe soksi na sweta. Mkiingia mahali mkakuta mtu amezidiwa na jiko, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, mengine baadaye, na apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 12, mama akienda shamba nabaki na mdogo wangu wa miezi 8. Ana mafua na naona anapumua haraka. Nitajuaje kama ni kawaida? Pangani.*

Marahaba dada mkubwa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa gazeti linachelewa nimeshatuma ujumbe kwa namba uliyoandika. Naweka jibu hapa kwa ajili ya wengine wanaoachiwa wadogo zao.

Watoto wachanga wanapumua haraka kuliko sisi, hilo ni kawaida, mapafu yao ni madogo. Lakini kuna kiasi. Ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya, ukimpata amelala ni vizuri zaidi. Mfunue nguo kifua na tumbo vionekane. Chukua simu au saa yenye sekunde, hesabu kila tumbo linavyopanda, dakika moja kamili, usihesabu nusu ukazidisha maana mtoto mdogo pumzi zake hazilingani. Mtoto wa chini ya miezi 2 ikifika 60 ni nyingi mno, wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka ni 50, wa mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Ikifika hapo au kuzidi inaweza kuwa nimonia, wengine wanaita kichomi, vile vifuko nilivyoeleza vinajaa maji maji na usaha na hewa haina pa kukaa, na ugonjwa huu ndo unaoua watoto wadogo wengi duniani kuliko maambukizi mengine yoyote. Una dawa, na dawa inafanya kazi vizuri ukiwahi.

Tena usiangalie hesabu peke yake. Angalia chini ya mbavu, kama akivuta pumzi pale panabonyea ndani badala ya kujaa, au pua zinatanuka, au anakoroma kila akishusha pumzi, au midomo na ulimi vinakuwa rangi ya bluu, au hataki kunyonya, hapo usihesabu tena. Mvishe, mbebe, mwite jirani yeyote mtu mzima mwende zahanati sasa hivi, mama atawakuta huko huko. Ukifika mwambie muuguzi namba uliyohesabu na saa uliyohesabia.

Na kama unasoma hapa huku umemshika mdogo wako na hesabu imefika 50, weka gazeti chini, nenda.